Nampeleka Mzee kwenye shoo ya AC/DC: tusimame mbele au tukae?

Kitindamimba:
Wakuu, habari za leo. Mzee wangu ana miaka 71 na AC/DC ndiyo bendi yake tangu ujana. Kanda zake mpaka leo hatuna ruhusa ya kuzigusa. Safari hii nimepania nimpeleke uwanjani akawaone kwa macho yake. Shida iko kwenye tiketi. Mimi nataka viti, yeye anataka kusimama chini karibu na jukwaa, eti "rock haisikilizwi umekaa kama uko kikaoni." Goti la kushoto linamsumbua, ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Nikimlazimisha atanuna, na wazee wakinuna mnawajua.

Jingine: bado anaamini Malcolm Young, mpiga gitaa wao wa zamani, atakuwepo jukwaani. Nimwambie au ninyamaze?

MamaWawili:
Viti. Uzi ufungwe.

Fundi Spika:
Mkuu, mimi kazi yangu ni kufunga vyombo vya muziki. Pale mbele watu huanza kujipanga mapema, milango haijafunguliwa. Kuna bendi ya utangulizi, kisha mafundi wabadilishe vyombo, ndipo shoo yenyewe ianze, na hawa jamaa hupiga zaidi ya saa mbili. Goti bovu litasimama muda wote huo bila pa kuegemea, na ukienda chooni nafasi imeshaliwa. Chukua viti vya mwisho wa safu, kando ya njia, ngazi za chini. Akitaka kusimama atasimama pale pale, akichoka anakaa.

Sasa masikio. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2022 kwamba sauti kwenye kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100. Hicho ni kikomo, na mbele ya spika kinavukwa kirahisi. Akikataa vizibo vya masikio mkumbushe Brian Johnson, mwimbaji wao: 2016 madaktari walimwambia asimamishe ziara mara moja la sivyo angeweza kuwa kiziwi kabisa, Axl Rose wa Guns N' Roses akamalizia shoo zilizobaki. Vizibo vya sponji vina namna yake. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie hadi kivimbe ndani. Wengi wanachomeka juu juu kinaning'inia, halafu wanasema havisaidii.

Kaptula ya Shule:
Fundi umesema vyema ila msimfanye mzee wa watu yai. Angus, mpiga gitaa na mdogo wake Malcolm, kazaliwa 1955 na bado anakimbia jukwaa zima na sare ya shule. Brian ni wa 1947! Mkalishe Baba umweleze habari ya goti na saa za kusimama, aamue mwenyewe. Ukinunua kimya kimya ndipo atanuna.

MamaWawili:
Angus ana daktari nyuma ya jukwaa. Viti.

Binti Mkubwa:
Kuhusu Malcolm, mwambie mapema, tena nyumbani mkiwa mmetulia, siyo getini watu wanasukumana. Alifariki Novemba 2017, na aliacha kupiga tangu 2014 kwa maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Gitaa lake sasa anapiga Stevie Young, mtoto wa kaka yao, ambaye hata 1988 alimshikia nafasi kwenye ziara. Ngoma nazo zina sura mpya tangu 2023, na besi tangu 2024. Usipomwambia atakesha anamtafuta Malcolm kwenye skrini.

Kitindamimba:
Asanteni sana. Nimemwambia. Alikaa kimya kitambo, akauliza huyo Stevie ni mtoto wa nani. Nilipomweleza akasema, "Basi haijatoka nje ya ukoo." Viti kakubali, kwa sharti moja: tusiondoke kabla ya ile mizinga ya jukwaani kulia. Nami nilikuwa nimepanga tutoke nyimbo mbili kabla ya mwisho tukwepe msongamano.

Fundi Spika:
Huo mpango ufute, mizinga wanaipiga kwenye wimbo wa kufungia. Bakini vitini mpaka uwanja upungue, hakuna atakayewafukuza mara moja. Na mizinga ikianza kulia asivue vizibo, hata akikwambia hasikii vizuri. Anasikia.

Kaptula ya Shule:
Na kama wanauza zile pembe nyekundu za kuvaa kichwani zinazowaka, mnunulie bila kumuuliza.