Mafuta ya jojoba, nazi au nyonyo: yapi ya usoni, yapi ya nywele?

Kipilipili: Wadau habari zenu. Nina ngozi ya mafuta afu nywele kavu balaa, nilikuwa napaka nazi kila mahali, nywele zimeipenda ila uso ndo umejaa chunusi. Shosti mmoja ananiambia hamia jojoba, mwingine anasema nyonyo. Mliotumia zote mnasemaje?

MamaPili: Usoni achana na nazi mamii, mi iliniziba vinyweleo mpaka nikakoma. Jojoba nyepesi, matone matatu tu ngozi ikiwa bado na majimaji. Ila kwenye nywele sijaona maajabu, nazi inazama ndani ya unywele, jojoba inabaki juu inang'arisha basi.

Mdadisi: Inabaki juu kwa sababu kusema kweli sio mafuta, ni nta iliyo majimaji. Hata mafuta yanayotoka kwenye ngozi yetu yana nta ya namna hiyo ndani yake, ndo maana uso haugombani nayo, na ndo maana inakaa muda mrefu bila kuchacha. Marekani walipopiga marufuku mafuta ya nyangumi miaka ya 1970 mwanzoni, viwanda vikakimbilia hii badala yake, hasa kwenye vipodozi. Mmea wenyewe wa jangwani, Arizona, California na Mexico, halafu kichekesho jina la kisayansi ni Simmondsia chinensis wakati China haihusiki kabisa, lebo ya mbegu ilisomwa vibaya 😂

Kipilipili: 😂😂 Kwa hiyo naweza kuotesha wangu?

Mdadisi: Jipange. Kuna dume na jike kama mipapai, na hujui upi ni upi mpaka utoe maua, hapo miaka imeshakatika. Mbegu anatoa jike tu, chavua inaletwa na upepo. Jua na ukame haviusumbui, maji yakituama kwenye mizizi ndo kwisha habari yake. Ila mbegu ni tajiri, karibu nusu ya uzito wake ni hayo mafuta.

Babu_Nyonyo: Naona nyonyo mmeisahau. Nzito, inanata, usoni usijaribu peke yake, utalala umegandana na mto. Mi nachanganya nyonyo kijiko kimoja na jojoba viwili napaka kwenye ncha na ngozi ya kichwa, inasambaa vizuri. Hayo ya kuotesha nywele kwenye kipara msiniulize, kipara changu bado kipo.

Tausi: Na kupikia je?

MamaPili: We Tausi! Tumbo haliwezi kuisaga, inatoka kama ilivyoingia na kuharisha juu. Ya kupaka tu.

Kipilipili: Basi jojoba usoni, nazi naiachia nywele. Nitajuaje sio feki?

Mdadisi: Weka kidogo kwenye friza. Ya kweli inaganda, ikirudi kwenye joto inayeyuka vilevile. Isipoganda kabisa, rudisha ulikonunua.

Kipilipili: Ya shosti imekaa friza toka jana usiku, bado maji 😭