Tupeane uzoefu: siku uliyofungua anime kali ukakutana na chibi

Kichwa Ngumu
Wakuu habari za jioni.

Leo mdogo wangu kaweka kwenye tivii ile Naruto ya vichekesho, ya Rock Lee, watu vichwa vikubwa miguu mifupi, nikakumbuka mengi. Nadhani kila mpenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, humu ana siku yake aliyokutana na chibi bila kujipanga. Kwa wageni: ni zile anime ndogondogo zinazochukua wahusika wa anime kubwa, wanachorwa wafupi, vita vinawekwa pembeni, kazi inakuwa utani tu. Attack on Titan wanayo, Naruto wanayo, Isekai Quartet ndio kabisa imekusanya anime nne ikaziweka darasa moja.

Yangu mimi ni Neji. Rock Lee ilirushwa Japani kuanzia Aprili 2012 mpaka Machi 2013, episodi 51. Nilikuwa nashusha hiyo huku nasoma na manga, kile kitabu cha picha cha Naruto yenyewe. Mwishoni mwa 2012 manga ikafika sura ya 614. Wanaojua wanajua. Yaani unatoka kusoma Neji anakata roho begani kwa Naruto, unafungua faili jingine unamkuta Neji mwenye kichwa kikubwa anafanyiwa upuuzi na Lee, mzima wa afya. Sikujua nicheke au niweke matanga.

Haya, tiririkeni. Matusi hapana.

Binti wa Pangani
Neji jamani. Umenitonesha kidonda mkuu.

Mzee wa Bando
Attack on Titan. Sizoni ya kwanza iliisha Septemba 2013 ikatuacha hewani, ya pili ikaja kutoka Aprili 2017. Hebu piga hesabu hiyo njaa. Sasa Oktoba 2015 nikaona faili jipya lina jina la Attack on Titan, episodi ya kwanza. Nikajiunga bando la usiku, nikaweka alamu, nikaamka watu wote wamelala nikashusha. Nafungua namwona Eren kavaa sare za shule, kichwa kama boga, anayaapia majitu kisasi kwa sababu yalimwibia chakula cha mchana. Sio mama yake aliyeliwa na jitu kwenye ile ya asili. Chakula! Nikazima simu nikageukia ukutani.

Fundi Redio
Hiyo ni Junior High, iko episodi 12. Na sauti ni za watu wale wale, Yuki Kaji ndiye Eren, Yui Ishikawa ndiye Mikasa. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Sauti ile ile iliyoapa kuyamaliza majitu yote duniani, sasa inalilia kitoweo. Ulizima mapema mno mkuu.

Mzee wa Bando
Bando ulinunua wewe?

Mwenye Jenereta
Nyie mnalia bando. Ngoja niwape la kwangu, kijiweni nililisimulia hawakuniamini.

Wakati huo nina kibanda umiza, mji siutaji. Wikendi mpira, katikati ya wiki muvi za mapigano zilizotafsiriwa. Vijana wa sekondari ndio walioniletea homa ya Attack on Titan, nikaionyesha sizoni ya kwanza yote. Nilikuwa na kijana wangu anatafsiri palepale kwa maiki, maana sabtaito za Kiingereza nani azifuate. Kiingereza chenyewe alikuwa nacho cha kuokoteza, lakini mdomo! Levi alimbatiza Kapteni Mfupi. Lile jitu la kuchungulia ukutani alilipa jina la Mheshimiwa. Kibanda kinajaa mpaka watu wanakalia ndoo walizotoka nazo kwao.

Ikawa kila siku naulizwa, mzee, sehemu ya pili lini? Jamaa anayeniwekea muvi kwenye flashi akanipigia: mzigo umetoka. Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi na mafuta ya jenereta nayatunzia usiku, hivyo flashi ilikaa mfukoni. Nikaandika ubao nje kwa chaki, ATTACK ON TITAN SEHEMU YA PILI LEO SAA MOJA. Kiingilio kutoka 200 nikakipandisha mpaka 500. Watu wa bodaboda waliacha kijiwe kitupu.

Nikawasha. Kanatokea katoto, kichwa hiki hapa. Mtu wa benchi la mbele akasema hayo matangazo, yataisha. Hayakuisha. Shingo zikaanza kugeuka nyuma kunitafuta. Na yule kijana wangu, mtu asiyejua kunyamaza, kashika maiki jasho linamchuruzika. Halafu akakohoa, akasema: "Ndugu watazamaji, Mheshimiwa amewaroga. Jeshi zima limerudishwa utotoni."

Wakuu, watu wakakubali! Akatokea Armin kajifunga lihafu, ndani ya ile anime haliachi mwilini kwa sababu afya yake mgogoro, kijana akasema Armin ana malaria na zahanati dawa hakuna. Wamama wawili watatu wakaguna kwa huruma. Akaja Levi, humo ni mwanafunzi wa darasa la juu, kijana akasema, "Kapteni Mfupi uchawi haujamwathiri, walikosa pa kupunguza." Kibanda kikapasuka.

Balaa lilianza majitu yalipovamia vyakula vya wanafunzi na wanafunzi wenyewe yakawaacha. Bodaboda mmoja akasimama juu ya benchi: "Hili jitu linakula ubwabwa? Mimi nimelipa mia tano nije kuangalia jitu linakula ubwabwa?"

Ngoja kuna mteja dukani, nakuja.

Shangazi Otaku
Jitu linakula ubwabwa 🤣🤣🤣 nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta

Chalii wa Sakina
Mzee usituache hivyo bana, mteja ana shida gani asirudi kesho.

Mkaguzi Mkuu
Chai hii. Kibanda umiza gani Tanzania kilionyesha anime? Watu wanataka mpira na komando. Na hao wamama walitokea wapi kwenye kibanda usiku?

Pwani Moja
Usikatae ndugu yangu. Sisi huku Mombasa tumekulia sinema za kusimuliwa, na msimulizi akinogewa hadithi anaitunga upya, hata Mchina akawa mtu wa Kisauni. Hilo la malaria mimi naliamini kabisa.

Mkaguzi Mkuu
Kuamini ni bure.

Dogo Saiyan
Mimi sijaona shida ya chibi. Dragon Ball Daima yote ni chibi na ni kali, Goku mdogo lakini anapiga.

Fundi Redio
Daima sio chibi. Mle Goku na wenzake wamefanywa watoto ndani ya hadithi yenyewe, kwa matakwa ya mipira ya joka, na hadithi imebuniwa na Toriyama mwenyewe, mwenye Dragon Ball yake, kabla hajafariki Machi 2024. Ilipotoka Oktoba 2024 ilikuwa hadithi kamili ya episodi 20. Chibi ni uchoraji: mtu mzima wa kawaida kwenye anime mwili wake unakaribia vichwa saba kwenda juu, chibi ni viwili au vitatu. Mtoto amechorwa mtoto, huyo ni mtoto tu.

Dogo Saiyan
Mfupi ni mfupi. Umeenda na rula?

Fundi Redio
Nimeenda na macho. Gundam, yale maroboti ya anime, walikuwa na vichwa vikubwa tangu miaka ya 80, vimidoli vya Bandai vya kwenye mashine za sarafu, wewe hujazaliwa.

Dogo Saiyan
Haya babu, shikamoo.

Fundi Redio
Marahaba.

Mama Nuru
Mie sitazami hayo makatuni, lakini yalonifika yanatosha. Niko Unguja. Wanangu wawili walikuwa wakitazama hivyo vijitu vya vichwa vikubwa, nikachungulia nikaona watoto wa skuli, darasa, sahani za chakula, nikasema alhamdulillah, haya hayana neno. Nikaendelea na kazi zangu jikoni. Wakamaliza yote, wakataka zaidi. Kaka yao mkubwa bila kufikiri akawatilia ile ya asili, episodi ya mwanzo kabisa.

Mie niko jikoni nasikia kimya. Mwenye watoto anajua kimya kile. Hamadi yule mdogo kaja kanishika kanga, hata kulia halii, ananiuliza: "Mama, mbona jitu limemla mama yake Eren, chakula kimekwisha?"

Nilikosa jibu wallahi. Usiku alilala kwangu, na asubuhi alikuwa akichungulia dirishani kabla hajatoka. Mpaka leo kaka mtu akiomba rimoti namkumbusha.

Shangazi Otaku
"Chakula kimekwisha" jamani mtoto wa watu 😭

Binti wa Pangani
Pole sana dada. Mtilie Doraemon asahau.

Mkaguzi Mkuu
Hapana, mwachie amalize sizoni zote nne, atakuwa jasiri.

Mama Nuru
Wewe wa ujasiri huna mtoto.

Chalii wa Sakina
Mimi nilipigwa kwa upande mwingine. Nilianza na Isekai Quartet bila kuona hata moja ya zile nne. Kwa hiyo Ainz wa Overlord nimemjua kama mwanafunzi mwenzao mpole, fuvu la watu, anakosana na Aqua, yule mungu wa kike wa KonoSuba, kwa sababu Aqua hapatani na wafu, basi. Tanya nikamchukulia ni katoto tu ka darasani kenye gubu. Nikasema huyu Ainz ni mtu wangu, ngoja nikamtafute kwao.

Nikafika sizoni ya tatu, mwishoni, ule uwanja wa vita. Uchawi mmoja tu, wanajeshi 70,000 chini. Halafu wakatoka wale wanyama wanaolia kama mbuzi, wanakanyaga waliobaki, na yeye kasimama anahesabu kafikisha wangapi. Mtu wangu! Niliyemwona kwenye dawati!

Ushauri wangu: msianze na chibi. Inakuuzia jirani mwema.

Pwani Moja
Mimi nasema anzeni nayo. Episodi dakika kumi na mbili, unaitazama ukingoja matatu ijae. Ukiipenda, ndipo unazitafuta zile nne. Usipoipenda umepoteza nini?

Fundi Redio
Anza na za asili zote nne kisha Quartet, la sivyo utani wa Tanya kuishuku "Nafsi X", yule adui yake anayejiita mungu, kila kona hutaupata.

Chalii wa Sakina
Anime nne ili nielewe utani? Hilo ni deni la benki.

Binti wa Pangani
Hamjasema la Sasha, yule mlafi wa Attack on Titan. Alipopigwa risasi kwenye sizoni ya mwisho, 2021, neno la mwisho kinywani nyama, mimi sikula siku ile. Rafiki yangu akanitumia Junior High. Niliiona zamani nikaidharau. Safari hii niliangalia tu vipande ambavyo Sasha anaiba chakula cha wenzake. Vyote. Nikivimaliza narudia. Nyie mnaosema chibi ni ujinga, subirini mhusika wenu afe.

Mzee wa Bando
Hapo umenigusa. Naenda kuishusha tena, usiku huu.

Shangazi Otaku
Mwenye Jenereta yuko wapi? Huyo mteja ananunua duka zima?

Mwenye Jenereta
Nimerudi, samahanini.

Basi zikaanza kelele za hela yangu, hela yangu. Mtu akachomoa waya wa spika. Mimi nikawaambia ukweli, aliyeniuzia ni fulani, duka lake lile pale, twendeni. Tukatoka kundi zima, kijana bado kashika maiki isiyo na waya. Jamaa alipotuona alitaka kushusha shata, bodaboda wakaiwahi. Anajitetea: jina si hilo hapo? Attack on Titan si imeandikwa? Tukamwambia tunataka ya watu wakubwa. Akasema kumbe! Mnataka ya watu wakubwa? Ninayo. Tena ya watu kabisa, sio katuni. Akatuwekea bure.

Wakuu, ilikuwa ile filamu ya waigizaji ya mwaka ule ule wa 2015.

Fundi Redio
Mungu wangu.

Binti wa Pangani
Hapana 🤣🤣 hapana jamani

Mwenye Jenereta
Tumerudi kibandani, watu wametulia, majitu kweli yanakula watu, damu ipo. Nikapumua. Lakini haikupita nusu saa wakaanza: Kapteni Mfupi mbona hatumwoni? Mle Levi hayumo! Wamemtoa, wameweka mtu mwingine mrefu anakula tofaa. Watu wote wakamgeukia kijana na maiki yake. Akasema, "Kapteni amebaki kule kwenye uchawi, anauguza Armin."

Ndio kikawaka. Yule yule bodaboda wa ubwabwa akapanda benchi tena: "Rudisha vitoto! Bora vile vitoto, Kapteni yumo!" Benchi zima likaitikia, rudisha vitoto. Nikarudisha. Tukaenda mpaka mafuta yalipokata, majitu yanakula ubwabwa, hakuna aliyedai hela. Kesho yake ubao niliandika VITOTO, kiingilio 200.

Mkaguzi Mkuu
Chai. Ila ina tangawizi.

Chalii wa Sakina
Huyo mtafsiri yuko wapi siku hizi? Apewe maua yake.

Mwenye Jenereta
Kibanda nilishafunga, kila mtu ana simu. Yeye sasa ni MC wa harusi, bei imepanda hata mimi simmudu.

Mama Nuru
Nipeni namba yake, nina arusi ya mpwa wangu mwezi wa saba. Ila asije akasema bwana arusi karogwa.

Mwenye Jenereta
Njoo inboksi dada. Hilo la kurogwa simdhamini.