Kane au Greaves: nani kinara wa mabao ya ligi pale Tottenham?

Wakuu, hili tulijadili kwa takwimu, maana kila likitajwa naambiwa lilishaisha. Wengi wanasema Harry Kane ndiye aliyeifungia Tottenham mabao mengi zaidi ya ligi, na kwamba mabao yake 213 ndiyo rekodi ya mchezaji kuifungia klabu moja England nzima. Mimi napinga yote mawili.

Kane aliondoka kwenda Bayern Agosti 2023 akiwa na mabao 280 ya mashindano yote, na hapo hana mpinzani pale klabuni. Februari mwaka huohuo aliifunga Manchester City bao pekee la mechi, likawa la 267, akampita Jimmy Greaves, mshambuliaji wa Tottenham wa miaka ya 1960, mwenye 266. Heshima yake. Lakini weka kando vikombe na mechi za Ulaya, ubaki na ligi tupu: Kane ana 213 katika mechi 317, Greaves ana 220 katika mechi 321. Wote walicheza ligi ya juu kabisa ya nchi, kwa idadi ya mechi inayokaribia kulingana, na mzee yuko mbele kwa mabao saba.

Hapo ndipo unasikia, "Ya zamani hayahesabiki, Ligi Kuu ilianza 1992." Haya, basi Liverpool ni bingwa mara mbili tu, 2020 na 2025, kwa sababu mataji mengine 18 yalipatikana kabla ya hapo. Manchester United nao tuwakate saba. Kuna shabiki wa Liverpool atakayekubali? Hakuna, na ana haki kabisa! Klabu za Daraja la Kwanza, iliyokuwa ligi ya juu kabisa kabla ya 1992, zilijitoa zikaunda ligi yao, mpira ukaendelea. Taji likihesabiwa, na mabao yaliyolileta yahesabiwe.

Na kwa hesabu hiyo, rekodi ya England si ya Kane wala Greaves. Dixie Dean aliifungia Everton mabao 349 ya ligi, 60 kati ya hayo msimu mmoja tu wa 1927/28. Hata ukimtolea 39 ya msimu ambao Everton ilikuwa daraja la pili, anabaki na 310.

Hoja yenye uzito ni ile ya mabeki: kwamba zamani kufunga kulikuwa rahisi. Tarehe 26 Desemba 1963 zilichezwa mechi 10 za Daraja la Kwanza yakaingia mabao 66, Fulham wakaipiga Ipswich 10-1. Nakubali, nyavu zilikuwa zinatikisika sana. Ila washambuliaji wote wa wakati ule walikutana na mabeki haohao, na bado Greaves akiwa Tottenham alimaliza kinara wa mabao wa ligi misimu minne, mmoja akilingana na mwenzake. Kane alifanya hivyo mitatu. Tena Greaves alicheza kabla kadi za njano na nyekundu hazijaanza kutumika England, beki anakuvaa na buti kwenye tope na mchezo unaendelea. Msimu wa 1965/66 homa ya ini ilimweka nje kwa miezi kadhaa. Bado 220.

Kwa hiyo anayetaka kuanzia 1992 aje na kigezo kimoja, atakachokitumia kwa wafungaji na kwa mabingwa vilevile. Mashabiki wa Liverpool na United, nawasubiri nyie kwanza.