Mrejesho: Mama na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza kuhusu mama yangu, miaka 71, tupo Ngamiani, Tanga. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo hayana mpangilio, nikataka kujua kama aspirini aliyokuwa anameza inatosha kumkinga na kiharusi. Ahsanteni mlionisukuma nimpeleke kwa daktari wa moyo.

Jibu: haitoshi. Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama na kuganda. Donge likichomoka likafika kwenye ubongo, ndiyo kiharusi chenyewe. Daktari akachukua kalamu akahesabu alama za hatari ya kupata kiharusi: umri wa 65 hadi 74, moja; presha, moja; kisukari, moja; kuwa mwanamke, moja. Nne! (Angefika 75, umri peke yake ungempa mbili. Aliyewahi kupata kiharusi naye anaongezewa mbili.) Mimi nilidhani kinachopimwa ni ukali wa mapigo, kumbe hata siku anayojisikia mzima alama ziko palepale.

Kwa hiyo ameanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aspirini imesitishwa. INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda, inatakiwa ikae kati ya 2 na 3. Ya kwanza ilisoma 1.6, dozi ikapandishwa kidogo.

Ugomvi uliobaki ni kisamvu. Hakukatazwa, ameambiwa tu asibadilishe kiasi anachokula, maana mboga za majani zinapunguza nguvu ya dawa hiyo. Yeye kasikia "usile", kanuna siku mbili.

Jumatatu tunarudi kupima tena.