Msaada: hamamelisi yangu haijatoa hata ua moja

Mpole wa Ohio: Wakuu, niko Marekani. Nyuma ya nyumba nina hamamelisi, kichaka cha asili ya huku. Novemba iliyopita, majani yakiwa yameshapukutika, kilijaa maua ya manjano, petali nyembamba kama nyuzi zilizokunjamana. Mwaka huu kimya. Jua kinapata, maji kinapata. Shida nini?

Mama Swaumu: Si ndio ule Waingereza wanaouita "witch hazel", kwa jina la mchawi? Mwanangu, ng'oa.

Jembe Halimtupi: Mama, jina hilo limetokana na neno lao la zamani la kitu kinachopindika. Uchawi haumo. Mkuu, ulikata matawi?

Mpole wa Ohio: Nilipunguza kidogo.

Jembe Halimtupi: Lini?

Mpole wa Ohio: Agosti. Basi niseme tu. Nachemsha vijiti na magome, akina mama wa kanisani wanapaka usoni. Chupa 15 zimeshalipiwa, na hela imeenda kwenye bima ya gari. Msiniambie niache.

Jembe Halimtupi: Agosti vichipukizi vya maua vinakuwa vimeshajifunga. Maua umeyachemsha mwenyewe. Siku nyingine subiri yachanue yaishe, ndio ukate.

Baba Pacha: Mimi niliwahi kuweka vitumba vyake vya mbegu mezani, vikakaukia ndani. Usiku nasikia ta! ta! Mbegu zinaruka zinagonga kabati, mke wangu kapanda kitandani anadai panya. Porini zinaruka hata mita 10. Nikazipanda, zikaota baada ya baridi mbili. Mke bado hajanisamehe.

Dada Vidonge: Turudi kwenye chupa. Maji ya dukani hupatikana kwa mvuke, kisha huongezwa spiriti, kwa kawaida asilimia 14, ndiyo maana hayaharibiki. Ya sufuria hayana kinga hiyo, hata kwenye friji ni ya siku chache. Yako yako wapi?

Mpole wa Ohio: Kabatini, tangu Agosti. Yananukia vizuri tu.

Dada Vidonge: Mwaga. Rudisha hela za watu.

Mpole wa Ohio: Hakuna aliyelalamika.

Kidole Juu: Jamani, chai hii. Wiki iliyopita huyuhuyu alikuwa anauza friji Kimara. Leo ana kichaka Ohio?

Mpole wa Ohio: Friji ni ya shemeji, nilimsaidia kutangaza.

Baba Pacha: Friji anayo, maji kayaweka kabatini 😂

Mama Swaumu: Hiyo friji bado ipo? Mwisho bei gani?