Tupeane uzoefu: Gemu ikikwamakwama kwenye kompyuta uliyoiunganisha mwenyewe, mchawi alikuwa nani?

#1 (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu,

Kila mara nakutana na mtu aliyeunganisha kompyuta yake kwa mikono yake, kadi ya picha nzuri, prosesa nzuri, lakini gemu inakwamakwama. Ushauri wa kwanza anaopewa ni anunue kadi kubwa zaidi. Ananunua, na tatizo linabaki palepale. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi dawa haihitaji kununua chochote. Basi naomba yeyote aliyewahi kupambana nalo atueleze: dalili zilikuwaje, ulijaribu nini, na mwishowe ukakuta nini.

Naanza na yangu. Mashine yangu ya kwanza niliiunga kwa wiki nzima, kila jioni baada ya kazi. Ilipowaka nilifurahi mno. Nikafungua gemu ya mbio za magari, namba kwenye kona ya skrini inasoma fremu 90 (yaani picha 90 zinazochorwa) kwa sekunde. Lakini kila nikikata kona gari linashtuka, linaganda kidogo, halafu linarukia mbele. Nilihangaika miezi miwili. Nilishusha ubora wa picha kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa, nikabadilisha draiva mara tatu, nikafuta Windows na kuiweka upya. Hakuna kilichobadilika.

Nilianza kuelewa siku nilipoacha kutazama ile namba ya kwenye kona. Ile ni wastani, na wastani unaficha mengi. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu inatakiwa itoke ndani ya milisekunde 16.7. Sasa chukua fremu 59 zinazotoka kwa milisekunde 14.4 kila moja, halafu moja ichukue 150. Namba itasoma 60 vilevile, ila jicho litaiona ile moja tu. Nikaweka MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, programu za kupima kadi ikiwa kazini, nikawasha grafu ya muda wa kila fremu. Mstari ulitakiwa kulala kama kamba iliyovutwa. Wangu ulikuwa na miiba, na kila mwiba unachomoza palepale ninapokata kona. Pembeni yake kadi ya picha ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 60 hivi. Yaani kadi niliyokuwa naishutumu ilikuwa imekaa inasubiri kazi.

Nikafungua kasha. Vijiti vyangu viwili vya RAM nilikuwa nimevichomeka kwenye nafasi mbili zinazofuatana, zilizo karibu zaidi na prosesa. Kwenye bodi mama nyingi zenye nafasi nne, majirani hao wawili wanagawana njia moja. Inatakiwa nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, zile za A2 na B2. Nilimulika kwa taa ya simu nikaona A2 na B2 zimeandikwa pembeni ya nafasi, herufi nyeupe ndogo kama punje za mchanga. Nilihamisha kijiti kimoja tu. Kisha nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya bodi mama yenyewe kabla Windows haijawaka, nikakuta RAM zilizoandikwa 3200 zinakimbia kwa 2133, kwa sababu XMP, mpangilio unaoiwezesha RAM kukimbia kwa kasi iliyoandikwa, ilikuwa imezimwa. Bodi nyingi haziiwashi zenyewe, lazima uiwashe wewe. (Kwenye RAM za DDR5 unaweza kukuta imeitwa EXPO.) Nikawasha, nikahifadhi, nikarudi kwenye kona ileile. Mstari umelala.

Karibuni.

#2

Shukrani mkuu kwa uzi huu. Yangu ilikuwa ya joto.

Dalili: dakika kumi za kwanza gemu inateleza kama maji, baada ya hapo inaanza kujikokota. Ukiifunga ukaenda kula, ukirudi inateleza tena kwa muda uleule. Mtu akikuelezea dalili kama hizo, mwambie aanze na joto.

Nilifungua HWiNFO, programu ya kupima joto na kasi, nikaiacha irekodi nikiwa nacheza. Prosesa ilipanda mpaka nyuzi 100 za selsiasi, na ilipogusa hapo kasi yake ilianguka kutoka gigahezi 4 na ushei hadi 2 na kidogo. Inajilinda isiungue. Nikafungua kipoza joto. Ile nailoni nyembamba inayofunika uso wa shaba ikiwa mpya ilikuwa bado imebandikwa, na pasta ya joto nimeipaka juu yake! Ilikuwa na maandishi ya onyo ambayo bado yanasomeka vizuri kupitia pasta. Niliibandua, nikasafisha kwa spiriti, nikapaka pasta upya kiasi cha punje ya mbaazi. Sasa haipiti 75.

Naomba niongeze kitu hapa, maana watu wanaogopa namba bila sababu. Zipo prosesa ambazo kufika 95 ni jambo la kawaida, zimetengenezwa hivyo, mfano zile za Ryzen 7000. Kwa hiyo usiangalie joto peke yake. Angalia joto pamoja na kasi. Kasi ikianguka wakati gemu inaganda, hapo umemshika.

#3

Wakuu, mimi bado ni mgeni kwenye mambo haya na sina ushuhuda, nina shida. Mashine nimeiunga mwezi uliopita, kadi yangu ina GB 8. Gemu ya dunia wazi inaenda vizuri kama dakika 20, baada ya hapo kila nikigeuza kamera haraka picha inakatikakatika. Nikiifunga na kuifungua upya inapona, halafu baada ya muda inarudi tena. Joto nimeangalia, haliko juu. Naomba msaada.

#4

Yangu fupi. Waya wa monita niliuchomeka kwenye bodi mama badala ya kadi ya picha. Wiki mbili nzima nacheza kwa picha za prosesa huku kadi imelala. Kabla ya kitu kingine chochote, zunguka nyuma ya kasha uangalie waya. Halafu ingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows uone monita inakimbia hezi ngapi, maana monita ya hezi 144 mara nyingi inaanza ikiwa kwenye 60.

#5

Mimi naomba tutenganishe magonjwa mawili, kwa sababu yakichanganywa mtu anatibu kisichoumwa.

Kuna picha kukwama na kuna mtandao kuchelewa. Picha ikikwama, kila kitu kinasimama, hata kamera yako ukiizungusha. Mtandao ukichelewa, kamera yako inazunguka vizuri kabisa, ila adui anarukaruka kutoka hapa hadi pale, na risasi uliyompiga inahesabiwa baadaye au haihesabiwi kabisa. Kwenye grafu ya mwanzisha uzi mstari utakuwa umelala. Hata ukinunua kadi ya picha kubwa kuliko zote, ugonjwa huu hauponi.

Niliupima wangu hivi. Nilifungua madirisha mawili ya amri, moja linapiga ping (kupima muda wa ujumbe kwenda na kurudi) kwenye ruta yangu, jingine kwenye anwani ya nje, nikayaacha yakiendelea huku nacheza. Ya ruta ilitakiwa ibaki milisekunde moja au mbili, yangu ilikuwa inaruka mpaka 300. Maana yake tatizo liko ndani ya nyumba, mtoa huduma hahusiki. Nikarudi kwenye boksi la bodi mama nililokuwa nimelihifadhi, nikakuta mfuko mdogo wenye antena mbili za Wi-Fi ambazo sikuwahi kuzifunga nyuma ya kasha. Kasha ni la chuma, mawimbi yatapita wapi? Nilizifunga, ikatulia sana. Baadaye nikavuta waya wa mtandao moja kwa moja na habari ikaishia hapo.

Kama ping ya ruta imetulia lakini ya nje inapaa kila mtu mwingine nyumbani anapopakia video, hapo foleni inajaa kwenye ruta. Ruta nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi ya kupakia. Weka chini kidogo ya kasi unayopata kweli, kama asilimia 85 au 90.

#6 (mwanzisha uzi)

Mdau #3, dalili zako zinanipeleka kwenye kumbukumbu ya kadi ya picha. GB 8 zikijaa, kinachozidi kinahifadhiwa kwenye RAM ya kawaida, na njia ya kukifuata huko ni ya polepole sana ukilinganisha na kumbukumbu ya kadi yenyewe. Ukigeuza kamera haraka, gemu inahitaji picha mpya za kuta, miti na barabara kwa mkupuo, ndipo inakatika. Ukiifunga, kumbukumbu inasafishwa, ndiyo maana inapona.

Washa kipimo cha kumbukumbu ya kadi kwenye Afterburner, cheza hadi ianze kukatika, uangalie imefika ngapi. Ikiwa imegota karibu na 8, shusha kipengele kimoja tu, ubora wa tekscha (ndizo hizo picha za kuta na miti), ngazi moja. Vingine usiviguse. Nakusihi kwenye hili: ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja na ikapona, hutajua kilichoiponya, na siku ikirudi utaanza upya.

#7

Yangu ilinisumbua kuliko zote kwa sababu haikuwa na mpangilio. Mara mbili au tatu kwa siku kompyuta nzima inaganda sekunde moja hadi mbili, sauti nayo inakoroma, kisha kila kitu kinaendelea kama hakuna kilichotokea. Ilitokea hata nikiwa natazama video tu. Nilibadilisha SSD, nikabadilisha feni, nikaazima hadi pawasaplai ya rafiki.

Mwaka 2022 ndipo mtengenezaji wa prosesa yangu, AMD, alipotoa taarifa na kukiri: sehemu ya usalama iliyomo ndani ya prosesa, inayoitwa fTPM, ilikuwa mara mojamoja inasoma na kuandika kwenye chipu ya BIOS, na wakati huo mfumo mzima unasubiri. Tiba ilikuwa kusasisha BIOS. Niliweka flashi, nikasasisha, dakika tano. Tangu siku hiyo haijarudi.

Kwa hiyo tukiambiana tusasishe draiva, tukumbushane na BIOS. Bodi inaweza kukaa ghalani mwaka mzima kabla hujainunua, na BIOS iliyomo ni ya siku iliyotoka kiwandani.

#8

Mkuu #1, nakubaliana nawe kuhusu XMP ila kwa tahadhari. Mimi nilijaza nafasi zote nne, nikawasha XMP, na badala ya kukwama gemu zikaanza kujifunga zenyewe. Niliiachia MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, asubuhi skrini imejaa mistari myekundu. RAM zilikuwa nzima, ila vijiti vinne kwa kasi ile prosesa ilishindwa kuvibeba. Nilishusha kasi hatua moja, vikatulia. Ukishawasha XMP, pima kabla hujaamini.

#9

Kuna kukwama ambako hakusababishwi na mashine yako hata kidogo. Gemu nyingi zinazotumia DirectX 12, mfumo wa Windows wa kuchora picha za gemu, zinatafsiri sheda, zile programu ndogo za kuchora mwanga na moshi, wakati unacheza. Mlipuko wa kwanza unakwama, wa pili hapana. Mlango wa kwanza unakwama, ukirudi unapita vizuri. Na ukisasisha draiva ya kadi, tafsiri za zamani zinaweza kufutwa na kazi ikaanza upya. Gemu ikikuonyesha mwanzoni kwamba inaandaa sheda, iache imalize, hata kama ni dakika kumi. Nilikuwa nairuka kwa haraka zangu, kisha nalalamika saa nzima.

#10 (mdau #3)

Nimerudi wakuu. Mkuu #6 ulipiga penyewe. Kumbukumbu ya kadi ilipanda mpaka 7.8 na ndipo ikaanza kukatika. Nimeshusha tekscha ngazi moja tu, jana usiku nimecheza saa mbili na imebaki kwenye 6.5. Nikigeuza kamera, mstari haushtuki.

Umebaki mwiba mmoja, kila ninapoingia mji mpya ndani ya gemu. Kuangalia vizuri nimegundua Windows iko kwenye SSD lakini gemu niliiweka kwenye diski ya zamani inayozunguka, na mwiba ukichomoza diski inasoma asilimia 100. Leo jioni naihamisha, hicho kitu kimoja tu, halafu nitawaletea grafu.