Malkia d3: Morphy alishinda, mimi nimeliwa

Kahawa_Tungu:
Wakuu, habari za jioni. Juzi nimepitia ile mechi ya sataranji (chess) ya Paulsen na yule bingwa wa Marekani, Morphy, New York 1857, ufunguzi wa farasi wanne. Morphy ana nyeusi, kijana wa miaka 20. Hatua ya 12 anatua na malkia kwenye mraba wa d3, ndani kabisa ya kambi ya mwenzake, na hakuna wa kumgusa. Hatua ya 17 malkia huyohuyo anakula askofu f3, anaachwa aliwe, na ilipofika ya 28 Paulsen kasalimu amri.

Jana kijiweni nikapata nyeusi, ufunguzi uleule. Nikasema leo ndiyo leo. Hatua ya 9 malkia d3, pwaa! Fundi viatu ninayecheza naye akanitazama: "Una uhakika?" Nikamwambia cheza. Akainua askari wake wa c2, akamla malkia, akaagiza kahawa. Nimekosea wapi?

Ngome2:
😂😂 Mkuu, umeshajijibu. Paulsen alikuwa ametoka tu kumsogeza huyo askari c3, akijiandaa kusukuma d4. Na askofu wake yuko f3, hafiki d3. Wa fundi alikuwa bado c2!

Mzee wa Kete:
Tena usiishie kwenye c2. Malkia pale kamziba askari wa d2, na huyo akikwama, askofu wa c1 hatoki. Panga ubao wa hatua ya 17 uone: askofu wa c1 yuko palepale alipozaliwa, malkia mweupe kaenda a6, ngome moja a2. Morphy ngome zake ziko e6 na e8, maaskofu b6 na d7. Askari wa g akishamla malkia, mlango wa mfalme uko wazi: ngome g6, cheki (mfalme anashambuliwa), mfalme kona ya h1, askofu h3. Malkia na ngome ya Paulsen, walioko upande wa pili wa ubao, watafika kumwokoa saa ngapi? Wewe hatua ya 9 ulikuwa umetoa kete ngapi?

Kahawa_Tungu:
Farasi mmoja na askofu mmoja, mzee wangu. 🙈 Ila kompyuta inasema hata Morphy kachelewa, hatua ya 22 ngome g2 ilikuwa inaua mapema.

Mzee wa Kete:
Ni kweli. Lakini yeye alikuwa na malkia wa kutoa.

Ngome2:
Na fundi alikuuliza kabisa.